Shajara ya mradi: BMW R60/6 ya 1975 na moto unaowahi

2 Machi 2024: Hali ilivyo

Pikipiki hii niliachiwa na mjomba. Ni BMW R60/6 ya mwaka 1975, injini ya sentimita za ujazo 599, silinda mbili zimelala moja kushoto na moja kulia, breki ya mbele ni ya ngoma, na kiki yake inapigwa kwa pembeni. Ilikaa bandani hapa Moshi miaka tisa. Mwaka jana niliifufua: tairi, betri, nyaya, mafuta yote, usafi wa tangi. Inawaka na inatembea. Matatizo matatu yamebaki, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika.

La kwanza, saileni yake (kasi ya injini ikiwaka bila kuvutwa mafuta) haitulii. Ikiwa ya baridi inanguruma vizuri, ila ikipata moto ukivuta mafuta kidogo na kuachia, injini inabaki juu sekunde tano au sita kabla ya kushuka. La pili, ukipanda kutoka Himo kwenda Marangu ukiwa na abiria, inagonga. Mlio wake ni kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo la bati, na unatoka kwenye silinda zote mbili. La tatu, ukiizima ikiwa ya moto na kuiwasha papo hapo kwa kiki, mara moja moja kiki inarudisha mguu kwa nguvu. Mwezi wa kwanza iliniumiza kifundo nikachechemea wiki nzima.

Ninaandika kwa ajili ya yeyote mwenye pikipiki ya zamani yenye pointi, yaani swichi ndogo ambayo ikifunguka plagi inatoa moto. Vipimo nitakavyotaja ni vya hii yangu, lakini njia ya kutafuta ugonjwa ni ileile kwa Triumph, Honda CB au Yamaha ya zama hizo.

9 Machi 2024: Kabureta, na pesa iliyokwenda bure

Kabla ya shajara hii nilikuwa nimeshafungua kabureta mara mbili. Kila niliyemweleza kuhusu saileni inayobaki juu alijibu neno moja: kabureta. Nikanunua gasketi, sindano na jeti mpya kwa pande zote mbili, vimeagizwa nje, jumla shilingi 145,000. Nikarekebisha nyaya za mafuta zivute sawa kushoto na kulia. Nikanyunyizia maji kwenye mipira ya kuunganisha kabureta na silinda, injini ikiwa inawaka, kuona kama kuna mahali inavuta hewa. Mlio haukubadilika hata kidogo, maana yake hapavuji.

Dalili zote tatu zikabaki vilevile.

Nilipaswa kujiuliza swali moja mapema: kabureta inawezaje kurudisha kiki? Haiwezi. Kiki inarudi kwa sababu plagi imetoa moto mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, mlipuko ukaisukuma irudi ilikotoka. Kugonga mlimani ni jambo hilohilo kwa sura nyingine. Dalili mbili kati ya tatu zilikuwa zinataja taimingi (wakati ambao plagi inatoa moto) waziwazi, mimi nikaifuata ile moja inayoweza kumaanisha mambo mengi.

16 Machi 2024: Pointi na taimingi ya kusimama

Leo nimekuja na fundi wangu, ambaye amezoea Honda za bodaboda lakini ana mikono mizuri na masikio mazuri zaidi.

Kwanza kabisa, kabla ya kufungua kifuniko cha mbele, toa waya hasi wa betri. Nyuma ya kifuniko kuna bamba la dayodi lenye umeme wakati wote, na kifuniko kikiligusa kinapiga shoti. Hilo bamba ni ghali. Baada ya hapo ni bolti tatu tu.

Kwenye R60/6 pointi zinaendeshwa na ncha ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) inayochungulia mbele ya injini. Juu ya ncha hiyo kumefungwa kifaa tunachokiita advansi: bamba dogo, vizito viwili na springi mbili. Mchanganyiko wa petroli na hewa unahitaji muda kuungua, lakini injini ikikimbia pistoni haina subira, kwa hiyo moto lazima utangulie zaidi. Kasi inapopanda, vizito vinatanuka kwenda nje na kuizungusha kamu ya pointi (kipande kinachozifungua) mbele kidogo. Kasi ikishuka, springi zinavirudisha ndani.

Pembeni kushoto, karibu na kijiti cha kupimia oili, kuna kidirisha chenye kizibo cha mpira. Ukichungulia unaona flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) na alama zake. OT ni pistoni ikiwa kileleni. S ni digrii 9 kabla ya kilele, mahali moto unapotakiwa kutoka kwenye saileni. F ni digrii 34 kabla ya kilele, advansi ikiwa imefunguka yote. Hapa nilimzuia fundi mapema. Kwenye Honda, F ni alama ya saileni, na yeye alishaanza kuitafuta F ategee hapo. Herufi hizi ni za Kijerumani: S ni ya moto unaochelewa, F ni ya moto unaowahi. Ukitega pikipiki hii kwenye F ikiwa imesimama, kiki haitaumiza kifundo tu, itavunja mguu.

Taipeti (mapengo ya valvu) tumepima na kurekebisha, milimita 0.15 kwa kuingiza na 0.20 kwa kutoa, injini ikiwa ya baridi. Pointi zilikuwa zimeungua na pengo lilikuwa 0.52. Nikafunga mpya na kondensa mpya (shilingi 65,000 zote), nikaweka pengo 0.40. Pengo likizidi, pointi zinafunguka mapema na moto unawahi, ndiyo maana pengo linawekwa kwanza na taimingi baadaye.

Kisha taimingi ya kusimama: balbu ndogo ya volti 12 kati ya waya wa pointi na bodi, swichi imewashwa, unaizungusha injini taratibu kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 6 kwenye bolti ya katikati ya jenereta. Balbu inawaka pointi zinapofunguka. Ikawaka S ikiwa katikati kabisa ya kidirisha. Tukapeana mikono.

Jioni nikapanda Marangu. Imegonga kama jana. Balbu inaonyesha moto unaanzia wapi injini ikiwa imesimama, na imesema kweli. Kinachotokea vizito vinapoanza kutanuka, haiwezi kukuonyesha.

30 Machi 2024: Taa ya taimingi

Nimenunua taa ya taimingi yenye kishikio cha kubana kwenye waya wa plagi, na skrini ndogo nyuma inayoonyesha mizunguko kwa dakika. Shilingi 85,000. Kila plagi inapotoa moto taa inamweka, na flaiwili inaonekana kama imesimama. Nimezipaka alama za S na F rangi nyeupe kwa ncha ya kijiti. Bila rangi, macho yanachoka bure.

Taa ina kitufe chenye nafasi mbili, 2T na 4T. Injini yangu ni ya mapigo manne, nikaweka 4T. Kumbuka kitufe hiki.

Nilichoona: kwenye saileni ya kawaida skrini ilisoma 1900, na S haikuwapo. Ilikuwa imepanda juu ya kidirisha na inachezacheza. Nikavuta mafuta taratibu, F ikaingia kutoka chini na kutulia katikati skrini ikisoma 3400. Kitabu kinataka F ifike karibu na 3000.

Nikaandika hitimisho hili kwenye daftari, na naliacha hapa kama lilivyo: "Advansi ni nzima, inachelewa kidogo tu. Tatizo ni saileni iko juu mno, ndiyo maana S haionekani. Punguza saileni."

6 Aprili 2024: Kila kitu kinaonekana sawa

Nimeshusha skrubu za saileni pande zote mpaka skrini ikasoma 900. Hapo S ikaja katikati ya kidirisha na kutulia kama imechorwa.

Lakini injini haikutaka kukaa hapo. Ilikuwa inatikisika mpaka vioo vinapiga mdundo, na inazima kila baada ya nusu dakika. Nikarudi kwenye kabureta mara ya tatu, nikazibua njia ndogo za saileni ambazo hazikuwa zimeziba, nikacheza na skrubu za hewa mchana kutwa. Fundi alipopita jioni alisimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Mwalimu, hii siyo mia tisa. Hii haifiki hata mia tano. Inakohoa."

Nikamwonyesha skrini. Akaitazama, akasikiliza tena, akatikisa kichwa. Hakubishana, ila hakukubali. Nilipobaki peke yangu ndipo nikaanza kuwa na mashaka na kifaa.

13 Aprili 2024: Skrini ilikuwa inasoma mara mbili

Jirani ana Corolla ya zamani yenye distributa, na dashibodi yake ina saa ya mizunguko. Nimeomba dakika kumi. Nikabana taa kwenye waya wa plagi ya kwanza, kitufe kikiwa 4T. Dashibodi 850, skrini 850. Dashibodi 2000, skrini 2010. Taa ni nzima.

Nikakaa chini kwenye kivuli nikafikiri. Kwenye Corolla ile kila plagi inatoa moto mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini). Kwenye BMW yangu koili mbili (zinazozalisha umeme wa plagi) zimeunganishwa kwa mfuatano na zinaongozwa na pointi moja, kwa hiyo plagi zote mbili zinatoa moto pamoja, kila mzunguko. Moto mmoja unafanya kazi upande mmoja, mwingine unapotea kwenye moshi unaotoka. Kamu ya pointi ina vilima viwili (miinuko inayofungua pointi) kwa sababu hiyo hiyo. Taa ikiwa 4T inahesabu moto mmoja kuwa ni mizunguko miwili, wakati kwangu moto mmoja ni mzunguko mmoja. Skrini inasoma mara mbili ya ukweli.

Nikarudi kwenye namba zangu na kuzigawa kwa mbili:

Saileni ya "1900" ilikuwa 950, yaani saileni sahihi kabisa, na S ilikuwa imeshapanda. Maana yake advansi ilikuwa imeanza kufunguka kwenye saileni.

F ya "3400" ilikuwa 1700. Moto wote wa digrii 34 unafika kwenye mizunguko 1700, wakati ulitakiwa ufike karibu na 3000.

Na ile "900" niliyoifurahia ilikuwa 450. Katika kasi hiyo vizito havina nguvu ya kutanuka hata springi zikiwa zimekufa, ndiyo maana S ilikaa vizuri. Fundi alisikia kweli. Nimempigia simu kumwambia hivyo.

Kwa hiyo ugonjwa ni kinyume cha nilichoandika tarehe 30 Machi. Nimeweka kitufe 2T, na pembeni yake nimeandika kwa kalamu: BMW HAPA. Mwenye Honda au Triumph ya silinda mbili ajue koili zake zinafanyaje kazi kabla ya kuamini namba yoyote ya skrini. Hata pikipiki nyingi za silinda moja zinatoa moto kila mzunguko.

Dalili zote tatu sasa zinaelezeka kwa kitu kimoja. Mlimani injini iko kwenye mizunguko elfu mbili hivi, mafuta yamevutwa, mzigo mkubwa, na moto tayari uko digrii 34. Lazima igonge. Ukiachia mafuta, moto uliowahi unaishikilia injini juu, na kwa kuwa injini iko juu vizito havirudi. Vinashikana hivyo mpaka kitu kimoja kikubali.

20 Aprili 2024: Kufungua advansi

Masika yamekolea, nafanya kazi bandani na taa ya betri.

Kuna jaribio la sekunde kumi ambalo lingeokoa wiki sita, nalo halihitaji kifaa. Kifuniko kikiwa wazi, tanua vizito kwa vidole mpaka mwisho, kisha achia. Vinatakiwa virudi kwa kishindo kidogo, tak. Vyangu vilirudi nusu, vikasimama, halafu vikamalizia polepole kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu.

Nati ya advansi ni ndogo na inakaa kwenye ncha nyembamba ya kamshafti. Hii ndiyo sehemu ya kuogopa kuliko zote. Ncha hiyo inapinda na hata kukatika kwa mtu aliyezoea kukaza nati za gurudumu, na kamshafti mpya maana yake ni kufungua mbele yote ya injini. Spana fupi, vidole viwili, basi. Piga picha kabla ya kutoa chochote, na angalia bamba linavyokaa kwenye mkato wake.

Ndani nilikuta mambo matatu. Grisi ya zamani kwenye shimo la kamu imekauka na kuwa gundi ya kahawia. Hii ndiyo iliyokuwa inashikilia vizito nje baada ya kuzima injini ya moto, na kurudisha kiki. Springi moja imenyooka kwenye ndoano yake mpaka ikiwa imepumzika inaning'inia, haivuti kitu. Ya pili inavuta, lakini kutu imeila katikati. Matundu ya vizito yamelika kidogo, siyo ya kutisha.

Nimeosha kwa petroli, nimesugua mhimili kwa kitambaa, nimeweka tone moja la oili nyepesi. Tone moja, kwa sababu likizidi linarushwa kwenye pointi na unapata ugonjwa mpya. Nimefunga bila springi mpya ili nione usafi peke yake unaleta nini. Saileni sasa inashuka kwa sekunde mbili badala ya sita. F bado inafika kwenye 1800. Kiki haijarudisha tangu hapo.

27 Aprili 2024: Springi za cherehani

Springi za kweli ziko Ujerumani. Sikuwa na subira, nikaenda sokoni kwenye kibanda cha vipuri vya cherehani, nikachagua jozi yenye urefu uleule na ndoano zinazofanana. Shilingi 6,000.

Waya wake ni mnene zaidi kwa kipimo kidogo sana, lakini kwenye springi kidogo hicho ni kikubwa. S ilitulia vizuri kwenye 900. Kisha nikavuta mafuta: 2000 haikusogea, 3000 ikaanza kupanda, 4500 F bado haijafika. Sikuendelea juu ya hapo.

Nikaitembeza hivyohivyo kwenda Himo na kurudi. Haikugonga hata mara moja, na mtu asiye na taa angesema imepona. Lakini ilikuwa nzito, haina pumzi, na niliporudi mabomba yote mawili karibu na silinda yalikuwa na joto lisilo la kawaida, la kushoto limeanza kugeuka rangi ya bluu. Moto unaochelewa unaungulia bombani badala ya kusukuma pistoni, na valvu za kutoa ndizo zinazolipia. Kutogonga peke yake si uthibitisho wa taimingi sahihi.

Nilijaribu pia springi moja ya cherehani na moja ya zamani. F ilifika 2700, karibu na ninachotaka, lakini S ilikuwa inayumba na kizito kimoja kilikuwa kinatanguliza mwenzake. Nimezitoa zote. Tangu leo pikipiki imesimama, nasubiri.

8 Juni 2024: Springi zimefika

Binamu yangu anayeishi Ujerumani amekuja likizo na jozi ya springi mfukoni. Zimegharimu kama shilingi 42,000 kwa pesa yetu. Nimefunga kwa nusu saa.

S katikati kwenye 900, imetulia. Inaanza kupanda taratibu, F inafika katikati kwenye 2900 hadi 3000, na ukiendelea kuvuta haisogei tena. Ukiachia mafuta injini inashuka mara moja. Nilirudia mara nne kwa sababu sikuamini macho yangu.

Kisha nikaona kitu ambacho mtetemo wa zamani ulikuwa unakificha. F ziko mbili. Si ukungu, ni mistari miwili kamili, mmoja juu ya mwingine. S vilevile.

15 Juni 2024: Alama mbili

Flaiwili ina F moja. Kama taa inaonyesha mbili, basi moto unatoka sehemu mbili tofauti kwa zamu. Kamu ina vilima viwili: kimoja kinafungua pointi katika mzunguko wa silinda ya kushoto, cha pili katika ule wa kulia. Vikitofautiana, silinda moja inawahi kuliko nyingine.

Njia ya kukadiria bila kifaa: kutoka OT hadi S ni digrii 9. Nimepima umbali huo kwenye flaiwili kwa karatasi, nikalinganisha na pengo kati ya mistari miwili. Ni kama nusu yake, yaani digrii nne na zaidi kidogo. Hiyo ni nyingi. Kama ningetega ya kushoto sawasawa, ya kulia ingekuwa inagonga.

Uthibitisho wa pili ni fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia pengo. Pima pengo la pointi kwenye kilima cha kwanza, zungusha injini mzunguko mmoja kamili, pima kwenye cha pili. Changu: 0.43 na 0.36. Yeyote anayeweka pengo kwenye kilima kimoja tu hataliona hili kamwe, nami sikuliona tarehe 16 Machi.

Nimemwomba mzee mwenye lathe (mashine ya kuchonga vyuma) aje na saa yake ya kupimia myumbo. Tumetoa advansi, tumeweka ncha ya saa kwenye ncha ya kamshafti na kuzungusha injini kwa mkono. Inayumba milimita 0.05. Kuna mtu huko nyuma alikaza ile nati kwa nguvu.

Mzee alisema njia ni mbili. Kugonga ncha taratibu kwa nyundo ya shaba mpaka inyooke, au kuiacha ilivyo na kupunguza kilima kirefu kwa jiwe. Nilimuuliza, "Mzee, ingekuwa yako ungefanya lipi?" Akanijibu kuwa chuma kilichopinda mara moja hakipendi kupindwa mara ya pili. Nimechagua jiwe. Advansi ikiharibika nitanunua nyingine. Ncha ikikatika nimefungua injini.

22 Juni 2024: Jiwe

Nimeweka alama A na B kwa kalamu kwenye vilima. A ndicho chenye pengo la 0.43, kinachofungua mapema. Mzee alikuwa nami, kwa malipo ya shilingi 20,000, na ilistahili kila senti kwa sababu ya subira yake.

Jiwe laini la kunolea lenye oili, mipigo mitano, safisha, funga, kaza kwa vidole viwili, pima vilima vyote viwili, toa, rudia. Tunapitisha jiwe kwenye mwinuko ambako kisigino cha pointi kinapanda na kwenye kilele, kwa kufuata umbo, bila kutengeneza bapa. Uso wa kamu ni mgumu kwa juu tu, kwa hiyo ni lazima uishie kwenye sehemu za mia za milimita. Mara ya kwanza tulipiga mipigo ishirini kwa pamoja na tofauti ikashuka ghafla kutoka 0.07 hadi 0.04. Tukapunguza mwendo. Ilichukua saa mbili na nusu, tumefungua na kufunga mara kumi na moja.

Mwisho: A 0.41, B 0.39. Tukaacha hapo. Nimesugua uso kwa msasa namba 1200 wenye oili mpaka kucha haikwami, nimepaka grisi kidogo sana ya pointi kwenye kamu, nimeweka pengo upya na kutega taimingi upya. Ukitazama kutoka mbele, bamba la pointi likizungushwa kinyume na saa moto unawahi, likifuata saa unachelewa.

Taa: F bado ina kivuli, lakini mistari miwili inagusana. Chini ya digrii mbili. Nimetega kwa F, siyo kwa S. Ndani ya injini, madhara makubwa yako kwenye kasi na mzigo, kwa hiyo mwisho wa advansi ndio ninaotaka uwe sahihi kabisa, na mstari unaowahi zaidi kati ya ile miwili ndio niliouweka katikati ya kidirisha. S imeangukia nywele moja chini ya katikati, naikubali.

6 Julai 2024: Himo hadi Marangu

Nimepanda na mke wangu nyuma na mzigo wa ndizi kwenye kibebeo. Gia ya tatu mlima wote, ya nne palipotulia. Nilizima redio ya kichwani mwangu na kusikiliza tu. Haijagonga. Pale kwenye kona kali kabla ya Marangu Mtoni, ambapo ilikuwa inagonga kila safari, nilivuta mafuta kwa makusudi kutoka chini kabisa ikapokea na kupanda.

Sokoni niliizima ikiwa ya moto sana, nikahesabu hadi kumi, nikapiga kiki. Imewaka mara ya kwanza na mguu ulibaki ulipokuwa. Nikarudia mara tatu. Saileni ilishuka moja kwa moja hadi 900 na kukaa. Mabomba yamepoa kwa rangi moja, plagi zote mbili nilizozitoa nyumbani zina kahawia inayolingana. Kabla ya kazi hii ya kulia ilikuwa nyeupe, na nilikuwa nimeilaumu kabureta.

Gharama, zote: kabureta 145,000, pointi na kondensa 65,000, taa 85,000, springi za cherehani 6,000, springi za kweli 42,000, mzee wa lathe 20,000, fundi 30,000. Jumla shilingi 393,000. Zilizohitajika kwa tatizo la advansi lenyewe ni taa, springi na lathe: 147,000.

Yaliyobaki: matundu ya vizito yaliyolika nitayatazama tena baada ya kilomita 1,000, pamoja na kupima A na B, kwa sababu kisigino kipya cha pointi bado kinajitengenezea njia yake na pengo litashuka kidogo. Sili ndogo ya kamshafti nyuma ya bamba la pointi imeanza kuonyesha unyevu wa oili. Nimeshaiagiza.